Chakula cha Wageni Wakati wa Kiangazi: Pika Kinachokubali Kungoja

Wageni wa kiangazi hawafiki wote kwa wakati mmoja. Mmoja huja mapema, mwingine huja jua likiwa limeshapungua makali, na hakuna anayetazamia kukalishwa mezani kwa utaratibu wa karamu ya harusi. Kwa sababu hiyo, ninapowaalika marafiki na ndugu wakati wa joto, huchagua vyakula kwa kigezo kimoja kinachotangulia vingine vyote: kama chakula hicho kitabaki kitamu kikikaa mezani nusu saa kikiwasubiri walaji. Chakula kinachotaka kuliwa papo hapo kinapoepuliwa humfunga mwenyeji jikoni, na mwenyeji anayetokwa na jasho mbele ya moto hapati nafasi ya kuzungumza na watu aliowaita mwenyewe.

Mazao ya msimu huu yanaisaidia sana nia hiyo. Nyanya, matango, biringanya, pilipili hoho, mahindi mabichi, matikitimaji na maembe yakiwa yameiva vizuri hayahitaji moto mwingi, na mengine hayahitaji moto kabisa. Kazi kubwa imo katika kuchagua, kwa hiyo mimi huenda sokoni bila orodha kamili ya mapishi, nikatazama kilicho bora siku hiyo, kisha ndipo nikaamua nitapika nini.

Nyanya ndiyo inayofichua haraka kuliko zote kama uchaguzi ulifanywa kwa makini. Nyanya nzuri huwa nzito mkononi na hunukia karibu na kikonyo. Usiiweke kwenye jokofu ikiwa nzima, kwa maana baridi iliyo chini ya nyuzi joto 12 hivi huidhoofisha harufu yake, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya ladha yake. Kwa watu 6, mimi hukata kilo 1 ya nyanya vipande vikubwa, nikanyunyiza kijiko kidogo cha chumvi na kuziacha kwa dakika 15 hadi 20. Chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya nyanya, na maji hayo hayamwagwi hata kidogo, kwani ndiyo mchuzi wa saladi yenyewe. Huyachanganya na vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya zeituni, kijiko kikubwa cha siki na punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, kisha hutia vipande vya mkate wa jana vilivyokaushwa kidogo kwenye oveni au kikaangoni. Mkate huo hunywa mchuzi polepole, na hivyo saladi inaendelea kuwa nzuri wakati wageni wakiendelea kufika. Majani ya mrehani hukatwa kwa mkono na kutiwa mwishoni, kwa kuwa huwa meusi upesi yakikatwa mapema.

Matango hutendewa kinyume. Yakatwe membamba, yatiwe chumvi, yaachwe kwenye chujio kwa dakika 20 hadi 30, kisha yakamuliwe kwa mikono na maji yake yamwagwe, la sivyo mtindi utakaoyachanganya nao utakuwa majimaji kabla ya mgeni wa pili kuketi. Mtindi mzito, mnanaa uliokatwakatwa na matone machache ya limau vinatosha. Ukipenda kutia kitunguu kibichi, kiloweke vipande vyake kwenye maji baridi kwa dakika 10 ili ukali wake upungue.

Chakula ninachokipenda kuliko vyote katika msimu huu ni biringanya iliyochomwa nzima. Itoboe kwa uma mahali kadhaa ili mvuke upate pa kutokea na isipasuke, kisha iweke juu ya makaa au kwenye oveni yenye joto kali, uigeuzegeuze mpaka ganda liungue na nyama ya ndani ilegee kabisa. Hapa pasiwe na haraka, kwa maana biringanya iliyoiva nusu huwa ngumu na chungu kidogo, na hakuna kiungo kitakachoificha kasoro hiyo. Ikipoa, ipasue, ikombe kwa kijiko na uiache kwenye chujio ili maji yake ya kahawia yatoke. Iponde kwa uma pamoja na kitunguu saumu, limau, chumvi, mafuta na, ukipata, vijiko viwili vya ufuta uliosagwa laini. Mimi huitayarisha jana yake na kuiweka kwenye jokofu, kwa kuwa usiku mmoja huwapa viungo nafasi ya kukolea, na asubuhi ya siku ya wageni sehemu kubwa ya kazi inakuwa imeshakwisha. Huliwa kwa mkate, kwa mboga mbichi, au kando ya nyama.

Mahindi mabichi ni tofauti, kwa kuwa sukari yake huanza kugeuka wanga mara tu yanapovunwa, na joto huharakisha mabadiliko hayo. Kwa hiyo huyanunua siku ileile na kuyapika siku ileile. Punje zilizochomwa na kukatwa kutoka kwenye gunzi huungana vizuri na maharage yaliyochemshwa, pilipili hoho na giligilani. Maharage hayo yatiwe limau, mafuta na chumvi yakiwa bado na moto, kwa sababu yakipoa hayanywi viungo kwa urahisi. Viazi vya saladi navyo vinataka hivyohivyo.

Kwa nyama, chaguo langu ni mapaja ya kuku, ambayo hubaki laini hata yakikaa motoni dakika chache za ziada, tofauti na kidari kinachokauka upesi. Huyaloweka usiku kucha katika mtindi, kitunguu saumu, bizari na chumvi. Mtindi una uchachu mpole, ilhali maji ya limau yakiachwa saa nyingi huiharibu nyama na kuifanya iwe kama unga mdomoni. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 74 katikati ya sehemu nene, kuku ameiva.

Kungoja, hata hivyo, kuna mpaka wake, na katika jambo hili siwezi kumwonea haya mgeni yeyote. Chakula kilichopikwa, pamoja na vyote vyenye mtindi au mayai, kisikae mezani zaidi ya saa 2, na joto la mahali penu likizidi nyuzi 32, muda huo upunguzwe uwe saa 1. Mimi huweka mezani bakuli dogo na kulijaza tena kutoka kwenye jokofu, badala ya kutoa chakula chote kwa pamoja. Sahani iliyobeba kuku mbichi haibebi kuku aliyeiva mpaka ioshwe.

Jambo jingine ambalo wapishi wengi hulipuuza ni kuonja mara ya pili. Baridi hufifisha utamu na chumvi ulimini, kwa hiyo saladi iliyoonjwa ikiwa vuguvugu na kuonekana kamili huweza kuwa chapwa ikitoka kwenye jokofu. Itoe dakika 20 kabla ya kuila, uionje, na mara nyingi utaona kwamba inataka limau kidogo zaidi.

Baada ya chakula, matunda yanatosha, na sioni sababu ya kuoka keki siku ya joto. Tikitimaji huchaguliwa kwa uzito wake na kwa doa lililokuwa likigusa udongo: doa la manjano nzito huonyesha kwamba liliachwa shambani mpaka likaiva, na doa jeupe huonyesha kwamba lilichumwa mapema. Uchaguzi huo ni muhimu kwa kuwa tikitimaji haliongezeki utamu likishachumwa, wakati embe huendelea kuiva nyumbani na linaweza kununuliwa likiwa gumu siku kadhaa kabla. Kata tikitimaji vipande, likamulie ndimu, nyunyiza chumvi kidogo sana na mnanaa, kisha utandaze juu yake jibini nyeupe yenye chumvi kama wageni wako wanaipenda. Chumvi itiwe wakati wa kupeleka mezani, vinginevyo tunda litalowa katika maji yake.

Vipande vilivyobaki kwenye jokofu huvigandisha usiku huohuo bila kuvitia chochote, na kesho yake huvisaga pamoja na maji ya ndimu vikawa kinywaji baridi kisichohitaji barafu wala sukari.