Jibu: Fundi umeme mpya Mbezi, wateja nawapataje?

Mkuu, umeuliza utapataje wateja wa umeme hapo Mbezi wakati hela ya matangazo huna. Anzia duka la vifaa vya ujenzi. Mtu akishanunua waya na swichi humuuliza muuzaji, "Fundi unamjua?" Kanunue vifaa vyako palepale, usikope ukapotea, mwachie namba. Zoeana na mafundi bomba na wapaka rangi pia. Wanaingia nyumba ambazo wewe hujafika, nawe ukipata kazi yao wapigie.

Kuweka biashara kwenye Google Maps ni bure, fanya leo. Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24 tu, kwa hiyo weka picha mpya za kazi, ila muombe mwenye nyumba kwanza. Na mteja wa zamani akipiga kulalamika, nakusihi, pokea haraka kuliko simu nyingine zote.