Maswali Yenu: tRNA inabadilishwa ili iweje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko fomu siksi. Tumefundishwa antikodoni inashikana na kodoni, A na U, G na C, basi. Juzi nikaona kwamba tRNA ina herufi za ajabu zilizobadilishwa kikemikali. Zina kazi gani, au ni urembo tu? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Si urembo hata kidogo! Kwa wasomaji wengine: tRNA ni molekuli inayoleta amino asidi, yaani matofali ya protini, kodoni ni herufi tatu za ujumbe wa jeni, na antikodoni ni herufi tatu za tRNA zinazoisoma kodoni hiyo. Mwanasayansi Robert Holley alipofanikiwa kusoma mpangilio wa tRNA ya kwanza mwaka 1965, ile ya hamira inayobeba alanini, alikuta herufi ambazo si A, U, G wala C, na mojawapo, inosini, imekaa palepale kwenye antikodoni. Inosini ni A iliyonyofolewa kikundi chake cha amino, na hiyo inatosha kuifanya tRNA moja isome kodoni zinazoishia na U, C au A, ndo maana kodoni za amino asidi ziko 61 lakini seli haihitaji aina 61 za tRNA.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa bakteria E. coli. Kuna tRNA yake jeni imeiandikia antikodoni CAU, kwa hesabu za darasani hiyo inasoma AUG na kubeba methionini, sivyo? Sasa kinakuja kimeng'enya TilS, kinaibandika ile C amino asidi nzima, lisini, basi tRNA inaanza kusoma AUA na inabebeshwa isoleusini. Jeni haijaguswa, herufi moja tu imerekebishwa, na maana yote imehama.

Kwetu binadamu, mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, ina tRNA zake 22 tu kwa kazi yote, kwa hiyo marekebisho yakikosekana inauma haswa. Mojawapo ya zile za leusini inatakiwa iwekewe kemikali iitwayo taurini kwenye antikodoni, na kwa wagonjwa wengi wa MELAS, ugonjwa wa kurithi wa mitokondria, haiwekwi vizuri kwa sababu ya kosa kwenye jeni ya hiyo tRNA, kodoni UUG inasomwa kwa shida, protini za kutengeneza nishati zinapungua, mtu anapata mashambulizi kama ya kiharusi akiwa bado kijana. Japani iliruhusu taurini ya dozi kubwa mwaka 2019 kuzuia mashambulizi hayo. Taurini ni hiyohiyo iliyoko kwenye pweza, ila tafadhali mtu asimpe mgonjwa supu akaacha hospitali, dozi yake ni kubwa na inasimamiwa na daktari.