Kore nane, RAM ni ile ile

SWALI: Natumia R, programu ya takwimu, kwenye Windows, laptopu ya kore 8 (vichakataji 8) na RAM ya GB 8. Data yangu ni GB 1.5, naifanyia bootstrap (kuchota sampuli upya kutoka data ileile na kukokotoa tena) mara 10,000. Nilifuata video fulani nikaweka makeCluster(detectCores()), kisha clusterExport. Haikupita muda kompyuta nzima ikaganda. Ninunue ya kore 16?

JIBU: Usinunue. Swali hili nalipata kila mara, na karibu kila mara chanzo ni kudhani kwamba kore ni vibarua wanaochota kwenye sufuria moja. Sivyo. detectCores() huhesabu kore zote, na makeCluster ikafungua R nyingine nane, kila moja tupu, na clusterExport ikaipa kila moja nakala nzima ya data. GB 1.5 mara 8 ni GB 12, bado hujahesabu R unayoandikia wala Windows yenyewe. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na hapo hata kipanya hakisogei. Kwa kore 16, nakala peke yake ni GB 24.

Modeli yako ikitumia safu wima nne, tuma hizo nne tu. Anza na makeCluster(2), pima kwa system.time, kisha ongeza moja moja. Ukimaliza, zifunge R hizo kwa stopCluster.

Wanaofundisha detectCores() ndani ya makeCluster wananiudhi kweli. Ukurasa wa msaada wa R wenyewe unasema haifai kutumiwa hivyo, ni kuandika ?detectCores tu, lakini hawakuufungua. Haohao hukupa skripti ya mclapply, amri nyingine ya kugawia kore kazi, iliyoandikwa kwenye Linux, ambayo kwa Windows hugoma ukiiomba zaidi ya kore moja.

Na kuganda ni afadhali, kwa sababu kunaonekana. Kosa la namba za bahati halionekani. set.seed(123), ile ya kufanya namba hizo zijirudie, hata ukiiweka juu ya skripti haizifikii R zile nyingine. Ukirudia kesho, vipindi vya uhakika vinabadilika, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Baada ya makeCluster weka clusterSetRNGStream(cl, 123), cl ikiwa jina ulilolipa kundi la R hizo, na idadi ya R uiandike kwenye skripti, maana ikibadilika, mgawanyo wa kazi hubadilika na majibu nayo. Nimeshasoma tasnifu ambayo jedwali lake la matokeo hata mwandishi mwenyewe hakuweza kulitoa tena.