Leza imeipasha fuwele joto, au mwanga umeigeuza wenyewe?

SWALI: Mwalimu, nasomea fizikia, mwaka wa pili. Nimesoma kwamba fuwele ya vanadiamu dioksaidi ikipigwa na leza hugeuka ghafla kutoka kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kuwa kama metali. Lakini hugeuka vilevile ukiipasha moto kidogo tu. Sasa mnajuaje kwamba leza haikuipasha joto tu? Na atomi zinazosogea kwa kasi hiyo mnazipigaje picha, wakati hakuna kamera inayofunguka na kufunga upesi namna hiyo?

JIBU: Umegusa penyewe. Nianze na kinachotokea kwa joto la kawaida. F. J. Morin aliripoti mwaka 1959 kwamba vanadiamu dioksaidi huanza kupitisha umeme vizuri ikifika kama nyuzi 68 za Selsiasi. Chini ya hapo, atomi za vanadiamu hukaa mbilimbili: wenza wametengana kwa nanomita 0.26 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na kutoka jozi moja hadi inayofuata ni kama nanomita 0.31. Joto likipita kiwango hicho jozi huvunjika, nafasi zinalingana, kila moja kama 0.285.

Leza nayo huanzia kwingine. Nishati yake hupokelewa kwanza na elektroni, na hizo ndizo zinazozifunga jozi. Joto tunalolizungumzia kila siku ni mtikisiko wa atomi, na kwa kawaida elektroni huhitaji pikosekunde moja au zaidi kuzigawia atomi nishati yao. Pikosekunde moja ni sehemu ya trilioni ya sekunde, na ndani yake mna femtosekunde 1,000. Kwa hiyo swali lako ni la saa: nani katangulia? Vipimo vinaonyesha jozi zikivunjika ndani ya femtosekunde 150 hivi. Hapo joto bado liko njiani.

Kamera ya kasi hiyo hatuna, wala hatuihitaji. Mpige picha mtu anayeruka ndani ya chumba cheusi ti: hata lenzi ikibaki wazi muda wote, mweko wa flashi ndio utakaomgandisha hewani. Flashi yetu ni mpigo wa eksirei wa makumi machache ya femtosekunde. Hutengenezwa na leza za elektroni huru, kama LCLS iliyoanza kutoa mwanga mwaka 2009 huko Menlo Park, California, na European XFEL iliyofunguliwa karibu na Hamburg mwaka 2017. Elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga hupitishwa kati ya sumaku zinazozipepesusha kushoto na kulia, na katika kupepesuka huko hutoa eksirei. Tunazitaka eksirei kwa kuwa urefu wa wimbi lake, kama nanomita 0.1, unakaribiana na nafasi kati ya atomi. Mwanga wa macho, wenye nanomita mia kadhaa, hauwezi kuzitofautisha.

Mpigo wa leza hutangulia kuiamsha fuwele, kisha eksirei hufuata kuipima. Muda kati yao tunaupanga kwa kioo. Ndani ya femtosekunde 100 mwanga husafiri mikromita 30 tu. Ukirudisha kioo nyuma mikromita 15, pungufu ya unene wa unywele, mwanga unakwenda na kurudi na umeuchelewesha femtosekunde 100 kamili. Tabu ni kwamba eksirei zenyewe hazifiki kwa wakati uleule kila mara. Huyumba huku na huku kwa makumi ya femtosekunde. Ndiyo maana kila mpigo hupimwa ulifika lini, na data hupangwa upya baadaye. Nakumbuka usiku mmoja wa zamu tulipomaliza kuipanga: mstari wa grafu uliokuwa ukishuka taratibu kama kilima uligeuka kuwa genge la kushuka wima. Mabadiliko yalikuwa ya haraka tangu mwanzo, ila saa yetu ilikuwa imeyatandaza.

Sasa nije kwenye jambo ninalowasisitizia wanafunzi wangu kuliko yote. Eksirei zikipita kwenye fuwele huacha madoa angavu kwenye kigunduzi, na madoa hayo hueleza mpangilio wa wastani tu. Fikiria kikosi cha gwaride kinachobadili safu. Je, askari wote walipiga hatua moja kwa amri moja, au kila mmoja alijisogeza kivyake na wastani ukatoka uleule? Madoa peke yake hayawezi kukujibu. Mwaka 2018 mwanafizikia Simon Wall na wenzake, wakitumia LCLS, walichapisha vipimo vya mwanga hafifu unaoangukia kati ya madoa, sehemu ambayo wengi huiona tupu. Walikuta kwamba atomi za vanadiamu hazikuandamana: kila moja ilipoteza mpangilio kivyake, kwa vurugu. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko kasi yenyewe, maana picha ya atomi zinazoteleza pamoja kwa utaratibu tulikuwa tumeizoea sana.

Usidhani basi kwamba tunafuatilia tukio moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kila picha ni ya mpigo wake, na filamu huunganishwa kutoka maelfu ya marudio, kwa masharti kwamba fuwele irudi ilivyokuwa kabla ya leza kupiga tena. Isiporudi, sampuli husogezwa, na kila mpigo hupewa mahali pasipowahi kuguswa.