Waulize wiki ya nne, siyo ya kumi na tano

Muhula wangu wa kwanza kufundisha takwimu chuoni, bahasha ya fomu za tathmini ilinifikia wanafunzi wakiwa wameshakwenda likizo. Karibu zote zilikuwa na tiki zilizoshuka wima, kama mtu aliyeteremsha kalamu kutoka juu hadi chini huku akitazama mlango. Moja tu ilikuwa na sentensi: "Sir anatusomea slaidi. Kusoma hata sisi tunajua."

Nilikasirika, nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku najigeuza upande wa pili. Nilitoa rundo la karatasi za tesiti nikaanza kulinganisha miandiko. Chuo kilipofunguliwa niliingia na ile fomu mkononi, nikaisoma kwa sauti, nikasema aliyeandika asimame tuzungumze kama watu wazima. Ukumbi wa watu 180 ukanyamaza, ikabaki kusikika feni tu. Hakusimama mtu. Mwisho wa muhula ule fomu zilirudi tamu kama halua: "Sir yuko vizuri", "Mungu akubariki", "Endelea hivyo hivyo". Sikujifunza chochote, na slaidi niliendelea kuzisoma.

Ilinichukua mihula miwili wanafunzi waanze tena kuniambia ukweli. Ninayoyaandika hapa ni kwa mwalimu mwenzangu unayeanza, usije ukapita njia niliyopita.

Fomu ya mwisho wa muhula ina kazi yake. Idara inaitaka, watu wa udhibiti ubora wanaiulizia, nami sina ugomvi nayo. Lakini anayeijaza hafaidiki nayo hata chembe. Akifaidika mtu, ni mdogo wake wa mwaka unaofuata. Ndiyo maana anaijaza kama anayesaini mahudhurio. Mimi siku hizi nauliza wiki ya nne. Kwa wakati huo usajili umetulia, waliokuwa wanahangaikia boom, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, wameanza kulala vizuri, tesiti ya kwanza haijawatia hofu, na bado kuna wiki kumi na kitu za kurekebisha mambo.

Namna yenyewe haina gharama. Dakika kumi za mwisho wa kipindi kila mtu anachana nusu karatasi. Ubaoni naandika maswali mawili: Nini kinakusaidia kuelewa kozi hii? Nini kinakukwamisha? Hakuna jina wala namba ya usajili. Naondoka ukumbini, CR, yaani mwakilishi wa darasa, anakusanya.

Halafu kuna suala la lugha, na hili nililigundua kwa bahati tu. Maswali nilikuwa nayaandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia, na majibu yalikuwa maneno mawili matatu ya kunisifu. Siku moja kwa haraka nikayaandika kwa Kiswahili. Karatasi zilirudi zimejaa mbele na nyuma. Kijana aliyekuwa ananiambia ufundishaji ni mzuri sasa ananieleza kwamba nafuta ubao kabla hajamaliza kunakili, kwamba nikiandika mkono wangu wa kushoto unaziba fomula, na kwamba neno fulani la Kiingereza ninalolirudia tangu wiki ya kwanza hajui maana yake na anaona haya kuuliza.

Karatasi hizo sizisomi mimi kwanza. Nimekubaliana na mwenzangu wa idara ya uhasibu, yeye anasoma zangu, mimi nasoma zake, kisha kila mmoja anamwandikia mwenzake muhtasari. Faida ya kwanza unaijua: siwezi tena kuchunguza mwandiko wa mtu. Ya pili ni kwamba jambo likitoka mdomoni mwa mwenzako haliumi kama likitoka kwenye karatasi. Mara ya kwanza tulipobadilishana alinikuta chumba cha walimu akicheka peke yake, akanisukumia nusu karatasi moja. Mwanafunzi alikuwa amechora vijiti, vile tunavyohesabia kura, vitano kimoja kikiwa kimekata vinne, vitano vingine, na kimoja pembeni. Chini ameandika: "Leo umesema 'hii ni rahisi tu' mara 11. Mimi sijaelewa, kwa hiyo nimenyamaza."

"Mwenzangu," akaniambia, "kumbe wewe kila kitu kwako rahisi?"

Nilidhani nawatia moyo, kumbe nawaziba midomo. Kuacha neno lile kulinishinda wiki tatu nzima, mpaka nikamwomba CR apige meza kila likinitoka.

Yapo ambayo mwenzangu huyo wa uhasibu huyaona na mimi sikutani nayo. Kwenye karatasi zake hukuta habari za nguo, sauti, na "madam ni mkali". Mimi ni mkali kuliko yeye, waulize wote, lakini hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo. Kuna watafiti Marekani waliochapisha jaribio mwaka 2015: kwenye kozi ya mtandaoni, mwalimu yuleyule aliwekwa kwa kundi moja kwa jina la kiume na kwa jingine kwa jina la kike. Jina la kiume lilipata alama za juu zaidi. Kwa hiyo ninaposoma za mwenzangu, habari za nguo naziacha palepale hazimfikii.

Kati ya wiki ya nne na mtihani nina kaswali kadogo ka kila Ijumaa: leo wapi pamekuwa na giza zaidi? Wazo siyo langu. Mwanatakwimu Frederick Mosteller wa Harvard alilieleza mwaka 1989, na kwangu limezaa matunda kuliko semina zote nilizohudhuria. Ijumaa moja karatasi zaidi ya 60 ziliuliza jambo lilelile: tukitafuta namba za sampuli zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, kwa nini tunagawanya kwa n toa moja, badala ya n, yaani idadi ya namba zenyewe? Nilikuwa nimelipita kwa sentensi moja. Jumatatu nilikuja na nyanya. Nikapanga mafungu matatu mezani, nikasema wastani ni nyanya 10 kwa fungu. Nikafunika fungu la tatu kwa kitambaa, nikamwita binti wa mbele ahesabu mawili yaliyo wazi: 8 na 9. La tatu? Darasa zima likaitikia 13 bila kuliona. Ukishashika wastani, mafungu mawili yana uhuru wa kuwa vyovyote, la tatu limefungwa. Ndipo ile toa moja ikapata mwili.

Sasa pasipo hili, yote ni bure: lazima ujibu. Kipindi kinachofuata, dakika kumi za mwanzo, nawasomea nilichoambiwa, nabadilisha nini, na nini sibadilishi. Wasipoona jibu, wiki ya nane hawakuandikii tena, na mimi nisingewalaumu.

Kutobadilisha nako kuna sababu zake, uzitaje. Kila mwaka wapo wanaoniandikia niache mazoezi ya makundi, nisimame mbele nifundishe "kama mwalimu". Nawaambia habari ya darasa la fizikia pale Harvard ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019: waliofanya mazoezi darasani walifaulu zaidi kwenye jaribio, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliokaa kusikiliza mhadhara mtamu. Utamu wa mhadhara unadanganya hata wasomi. Mwaka 1970 kule Marekani muigizaji mmoja alivishwa jina la Dkt. Fox, akahutubia madaktari wa akili na wanasaikolojia mambo yanayojipinga yenyewe, na wakampa alama nzuri. Darasa hucheka. Kisha tunarudi kwenye makundi, wachache wakiwa bado wamenuna.

Hayo ya kunung'unika siyaogopi. Ninachokiogopa ni zile karatasi za "Sir yuko vizuri" zikianza kuongezeka. Nikiziona najiuliza wiki hii nimemkaripia nani mbele ya wenzake.

Na yapo yasiyo mikononi mwangu. Wanaokaa nyuma wameniandikia mihula minne mfululizo kwamba feni ya katikati inawazuia kusikia. Ukweli ni kwamba kuanzia safu ya kumi sauti yangu haifiki. Nimewaambia waziwazi kwamba feni siyo yangu, nikawaonyesha nakala ya barua niliyopeleka ofisi inayohusika na majengo, na kila wanaponiuliza nawaeleza ilipofikia. Wakati tunasubiri, tumekubaliana tuizime saa za asubuhi, joto likizidi tunaiwasha na mimi nahamia katikati ya ukumbi. Barua ya tatu nimeipeleka Jumatatu.