Kava haichemshwi, inakamuliwa

Umesema ulichemsha unga wa kava kama chai ya tangawizi, ukapata ute mzito wa kijivu na hukuhisi chochote. Kilichokuharibia ni moto. Kava ni kinywaji cha kutuliza cha visiwa vya Pasifiki, kinachotokana na mizizi ya Piper methysticum, ndugu wa pilipili manga, na nguvu yake iko kwenye kavalaktoni, viambato vyake vya kutuliza, ambavyo haviyeyuki vizuri kwenye maji. Lazima vikamuliwe mpaka vielee majini kama mafuta ndani ya tui. Mizizi hiyo ina wanga mwingi pia. Ukikutana na maji ya moto unaiva, unakuwa uji na kuziba kitambaa.

Aliyewahi kukamua nazi anajua nusu ya kazi. Kwa mtu mmoja, pima gramu 30 za unga, kama vijiko vinne vya chakula, kwa nusu lita ya maji vuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida. Tia unga kwenye mfuko wa nailoni wenye matundu madogo sana. Kifumbu cha ukindu hakifai, kinapitisha nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoleta kichefuchefu. Loweka dakika 10, kisha finya na kukanda ndani ya maji dakika nyingine 10. Mwanzoni maji yanakuwa kahawia kama ya mtaro. Endelea. Yakianza kupata weupe wa chai ya maziwa, na vidole vikateleza kana kwamba umeshika mafuta, hapo kava imetoka. Wengi huacha kwenye dakika ya pili, halafu wanalaumu muuzaji. Machicha usitupe: yakamue tena kwa robo lita upate mkamuo wa pili, mwepesi.

Kunywa tumbo likiwa tupu, saa tatu au nne baada ya mlo. Koroga kila unapochota kwa sababu inatuama haraka. Kifuu kimoja, mililita 100 hadi 150, kinywewe kwa mkupuo. Ni chungu na ina ladha ya udongo, kuilamba kidogo kidogo ni kujitesa. Ndani ya dakika chache midomo na ulimi hufa ganzi. Ganzi isipokuja, unga umechakaa au hukukamua vya kutosha. Subiri dakika 20 kabla ya kifuu cha pili. Mara za mwanzo watu wengi hawahisi kitu, kwa hiyo usiongeze maradufu kwa haraka.

Unaponunua ya Fiji, uliza ni waka au lawena. Waka ni mizizi ya pembeni, kali zaidi. Lawena ni vipande vya shina la chini ya ardhi, laini zaidi. Huko huiita yaqona, huikamua ndani ya bakuli la mbao liitwalo tanoa, na anayepewa kifuu hupiga kofi moja, husema "Bula", hunywa yote, kisha makofi matatu. Vanuatu hutumia mizizi mibichi, na kava yao ni nzito: jioni kwenye nakamal, yaani baraza la kunywea kava, taa huwa hafifu na watu huongea kwa sauti ya chini. Pohnpei, kisiwa cha Mikronesia, huikamua kwa gome la hibiskasi, kwa hiyo ute wa huko umekusudiwa, si kosa kama wako.

Aina nayo ina uzito wake. Sheria ya Vanuatu ya 2002 iliruhusu kuuza nje aina bora, kama Borogu na Melomelo, na kwa kawaida kuzuia ile iitwayo tudei, yaani ya siku mbili, kwa sababu uchovu na kichefuchefu chake hukaa hadi kesho yake. Majani na maganda ya shina hayanywewi.

Usichanganye na pombe, paracetamol au dawa za usingizi, na usiendeshe gari. Mwenye ugonjwa wa ini na mjamzito waiache kabisa. Kunywa nyingi kila siku hukausha ngozi hadi ipate magamba, na magamba hayo hupungua ukipumzika kunywa. Kama uko Marekani, soma lebo za chupa: baadhi ya baa za kava huuza pia kratom, mmea mwingine kabisa wa Asia ya Kusini-Mashariki, na huo una uraibu.