Hita ya gesi ya kuogea: pima mnara wa tanki kabla ya kuuliza bei

Kipupwe cha Juni na Julai kikiingia Dodoma, watu hukimbilia hita za gesi za lita 6. Mtu anaifunga ukutani, anafungua bomba la mvua, haiwaki. Anairudisha dukani ikiwa nzima kabisa.

Hita hizi hujiwasha zenyewe maji yakipita kwa kasi ya kutosha, kwa kawaida lita 2.5 hadi 3 kwa dakika, na nyingi zinadai presha ya baa 0.2 au zaidi (soma kibandiko). Kila mita ya kimo kati ya tanki na bomba la mvua inakupa baa 0.1. Mnara wa mita 3 unaonekana mrefu, ila bomba la mvua lenyewe liko mita 2 kutoka chini, kwa hiyo tanki likikaribia kwisha umebaki na mita 1 tu, yaani baa 0.1. Inua mnara au funga pampu ndogo. Ndoo ya lita 10 isiyojaa kwenye bomba la mvua ndani ya dakika 2 ni dalili mbaya, maana hita nayo itapunguza kasi.

Ifunge nje, ukuta wa nyuma, chini ya paa, mahali upepo haupigi moja kwa moja, kwa sababu upepo wa huku huzima moto. Bafuni kamwe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mtu huzimia kabla hajashtuka. Dirisha dogo halitoshi.

Hakikisha hita imeandikwa LPG, yaani gesi ya mtungi. Regulata, kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha ya gesi, iwe ya presha ndogo, milibaa 28 hadi 30. Ile ya majiko makubwa ya mgahawani itaiharibu. Mtungi uwe wa kilo 15, usimame wima nje, mbali na shimo au mfereji, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Hita ya kilowati 12 inakula karibu kilo 1 kwa saa ikiwaka mfululizo. Mtungi wa kilo 6 ukitoa gesi kwa kasi hiyo hupoa, ukatoka jasho, moto ukafifia.

Maji ya moto yapite kwenye bomba la PPR (plastiki inayostahimili joto) la maji moto, si PVC ya kawaida. Kabla ya kuunga hita, acha maji yatoke kwanza ili mabaki ya plastiki yasizibe kichujio. Kisha fungua gesi hita ikiwa imezimwa, paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likivimba, funga mtungi, kaza, rudia. Kiberiti hakipimi uvujaji.

Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, zima na uite fundi wa gesi.

Joto lipunguze kwenye hita yenyewe. Ukichanganya maji baridi bombani, yanayopita kwenye hita yanapungua, nayo inazimika ukiwa na povu kichwani.